Swichi Iliyo Ndani ya Inkubeta Yako: Optokapla au Rilei ya Solidi-steti?

Ndugu mkulima, ikiwa umenunua inkubeta ya kuangulia mayai, au wakusudia kuinunua, tafadhali soma habari hii kabla hujaweka yai hata moja ndani yake. Mwezi huu ukurasa huu hausemi juu ya mbolea wala juu ya dawa ya kupe. Unasema juu ya vidude viwili vidogo ambavyo havionekani kwa nje, navyo vyaweza kuyahifadhi mayai yako au kuyapika yote kwa usiku mmoja.

Jambo hili lilianza hivi. Mama mmoja wa skimu yetu alikuja ofisini siku ya soko akiwa na kitu alichokifunga katika leso. Nilimkaribisha kiti, lakini hakuketi. Akasema, "Mwalimu, kuku wangu wamechemshwa kabla hawajazaliwa." Wazee wengi hapa huniita mwalimu kwa sababu ya kazi yangu ya zamani, ingawa siku hizi mimi ni karani tu. Alipofungua leso nikaona kidude cheusi cha plastiki, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, chenye skrubu nne na maandishi ya Kiingereza juu yake.

Mama huyo alikuwa na inkubeta ya mayai 264 iliyotengenezwa katika karakana moja huko Eastlands, Nairobi. Ndani yake mna balbu nne za wati 60, feni moja, maji ya kutia unyevu, na kidhibiti kinachosoma joto na kuzima balbu likifika digrii 37.7. Mashine ilikuwa imekwisha kumpa vifaranga mara mbili, tena vizuri. Mara ya tatu, siku ya 17, balbu moja iliungua saa moja jioni. Akaitoa, akatia nyingine, akaenda kulala. Alfajiri kipimajoto kilikuwa kimepita 44. Mayai yote yaliharibika, na karo ya mtoto ilikuwa katika mayai hayo.

Nikamwuliza kama taa ndogo ya kidhibiti ilikuwa ikiwaka. Akasema haikuwaka. Kidhibiti kilikuwa kimekwisha kuamuru balbu zizimike, nazo zilikuwa zikiwaka kana kwamba hazikusikia. Hapo nikajua kwamba sanduku halikuwa na kosa, wala yeye hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kile alichokileta ndani ya leso.

Juma lililofuata nilikuwa na safari ya Nairobi, tukapanda gari pamoja. Mtu ashukaye Machakos Country Bus yuko tayari katika mlango wa Eastlands. Karibu hapo ni Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hugonga bati mchana kutwa na kutengeneza majiko, masanduku ya wanafunzi, vyombo vya kulishia kuku na mikokoteni. Ukifuata Jogoo Road wapita Kaloleni, Makongeni na Jericho, nyumba za zamani walizokaa wafanyakazi wa reli na wa manispaa. Mbele zaidi ni Buruburu, Umoja na Kayole, ambako wana wetu wengi wamepanga vyumba. Kariobangi Light Industries iko upande wa Outer Ring Road, na huko ndiko zitengenezwako mashine nyingi ambazo sisi wakulima huzitumia bila kujua zilikotoka: za kusaga chakula cha mifugo, za kukata nyasi, za kuangulia mayai.

Mwana wa mama huyo, akaaye Umoja na aliyesoma stima kidogo, alitungoja kituoni. Njiani alikuwa na shauri lake. Alisema amesoma kwamba ndani ya kile kidude cheusi mna optokapla, nayo optokapla peke yake huuzwa kwa bei ndogo sana. "Basi mama," alisema, "kwa nini tununue sanduku zima? Tutie optokapla tu." Shauri hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ingeunguza mashine. Kwa kuwa nimewasikia vijana wengi wakisema vivyo hivyo, yafaa tulieleze polepole.

Wakulima wa Mwea watafahamu upesi. Fikiri watu wawili waliosimama usiku ng'ambo mbili za mfereji mkubwa. Hawawezi kuvuka, wala hawana kamba. Wa kwanza ana tochi. Akiiwasha, wa pili auona mwanga, naye afungua mlango wa maji wa upande wake. Maji ya upande ule hayawezi kumfikia mwenye tochi hata yakifurika. Hiyo ndiyo optokapla. Upande mmoja mna taa ndogo ya LED itoayo mwanga usioonekana kwa macho, na upande wa pili mna transista yenye jicho la kuuona mwanga huo. Katikati hamna waya wowote. Mwanga peke yake ndio unaovuka.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Kwa sababu akili ya kidhibiti cha inkubeta hutumia volti 5 tu, na balbu hutumia volti 240 za stima ya nyumbani. Volti 240 zikivuka kwenda upande wa volti 5, kidhibiti huungua mara moja, na mtu anayebonyeza vitufe vyake aweza kupigwa na stima. Optokapla ya kawaida iandikwayo PC817, yenye miguu minne na udogo kama punje ya mahindi, imetengenezwa izuie volti 5,000 kati ya pande zake mbili. Huenda unayo nyumbani bila kujua, maana hutumika sana ndani ya chaja za simu kupeleka habari kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Lakini yule mtu wa pili, yule mwenye jicho, ana nguvu kiasi gani? Hapo ndipo shauri la yule kijana lilipovunjika. Transista iliyo ndani ya PC817 haichukui zaidi ya ampea 0.05, na volti zake ni 35, au 80 katika matoleo ya baadaye, tena za stima ya upande mmoja kama ile ya betri. Sasa piga hesabu ya balbu. Balbu nne za wati 60 ni wati 240. Gawanya kwa volti 240, utapata ampea 1. Yaani mzigo ni mara 20 ya nguvu za mbebaji, na volti nazo zimempita mbali. Huyu aweza kufungua mfereji wa bustani ya sukumawiki, si mlango mkuu wa skimu.

Rilei ya solidi-steti, ambayo mafundi huiita SSR kwa kifupi, ni wale watu wawili pamoja na mtu wa tatu mwenye kifua kipana. Mwenye tochi yumo, mwenye jicho yumo, na nyuma yao yumo triaki, kidude kinachoweza kupitisha stima ya nyumbani kwa ampea nyingi. Vyote vimefungwa katika sanduku moja. Kwa kawaida skrubu namba 3 na 4 ni za amri, nazo hupokea volti 3 hadi 32 za betri au za kidhibiti. Skrubu namba 1 na 2 ni za mzigo. Kwa hiyo kijana alisema kweli kwamba optokapla imo ndani ya SSR. Hata moyo umo ndani ya ng'ombe, lakini huwezi kulima kwa moyo peke yake.

Fundi tuliyemkuta Kariobangi alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa yule aliyeitengeneza mashine ya mama. Alikichukua kile kidude cheusi, akaweka mita yake katika skrubu 1 na 2, na mita ikalia. Hakuna waya wa amri uliofungwa, na bado njia ilikuwa wazi. Akasema, "Shikamoo tena, mama, maana nitakupa habari mbaya. Huyu amekufa akiwa ameshika mlango." Kisha akamwuliza, "Balbu iliungua kabla ya hapo?" Mama akaduwaa, kwa kuwa hakuwa amemwambia.

Ndugu mkulima, shika jambo hili. Balbu ya waya ikikatika, mara nyingine cheche huruka ndani yake, na kwa kitambo kidogo sana stima nyingi hupita kuliko kawaida. Fyuzi ya kawaida huchelewa kuliona jambo hilo. Triaki haichelewi: hupigwa, na mara nyingi ikifa hufa ikiwa imefungulia, haifi ikiwa imefunga. Ndiyo sababu mama alipotia balbu mpya, balbu zote ziliwaka na hazikuzimika tena usiku kucha. Ziko pia SSR za bandia sokoni, zenye maandishi ya ampea 25 au 40 juu na triaki ndogo tupu ndani. Hii ya mama fundi aliivunja kwa nyundo mbele yetu, akatuonyesha kile kipande cha ndani, na akacheka bila furaha.

"Mwanangu," mama akamwambia, "basi nitie ile rilei ya zamani inayolia tik-tik. Hiyo naijua."

Ombi hilo halikuwa la kijinga. Rilei ya zamani ina sumaku ya waya na ulimi wa chuma. Amri ikija, sumaku huvuta ulimi, chuma hugusa chuma, na balbu huwaka. Haina joto jingi, ni ya bei nafuu, na yaweza kutumika kwa stima ya nyumbani na ya betri. Mara nyingi huuzwa juu ya kibao kidogo, yenyewe ya rangi ya buluu, na kando yake utaiona PC817 ileile tuliyoieleza. Hapo optokapla iko mahali pake: inaiamuru rilei, haibebi balbu. Lakini chuma kikigusana na chuma hulika. Rilei nyingi za namna hiyo hukadiriwa kufanya kazi mara 100,000 hivi zikiwa na mzigo wao kamili. Inkubeta ikiwasha na kuzima mara moja kila dakika, ni mara 1,440 kwa siku, na kwa siku 21 za kuku ni mara 30,240. Basi mwanguo wa tatu ukimalizika umekwisha kufika 90,720. Ni kweli kwamba kwa mzigo mdogo wa ampea 1 rilei ya ampea 10 hudumu zaidi ya hapo, lakini siku ikishindwa, yaweza nayo kugandamana ikiwa imefungulia.

Kuna njia ya tatu, na kijana wa Umoja aliipenda sana alipoonyeshwa. Iko optokapla ya namna nyingine, kama ile ya MOC3041 au MOC3063, ambayo jicho lake si transista bali ni triaki ndogo. Nayo haibebi mzigo wa balbu, lakini hubonyeza triaki kubwa ya nje, mathalan BT136 ya ampea 4 au BTA16 ya ampea 16, na hiyo ndiyo hubeba. Hapo umejitengenezea SSR kwa mikono yako, na kitu kikiharibika wabadilisha kile kilichoharibika tu. Namba zake ziangaliwe. Volti 240 za nyumbani hupanda mpaka 339 katika kilele cha kila wimbi. MOC3041 imekadiriwa volti 400, na MOC3063 volti 600. Kwa stima yetu ya shamba, inayopanda na kushuka kama bei ya viazi, mimi ningechukua ile ya 600. Lakini kazi hii ni ya mtu anayejua kuchoma risasi vizuri na kutenganisha njia za volti 240 na za volti 5 juu ya kibao. Asiyejua na asijaribu, maana nyumbani mna watoto.

Fundi naye aliamua hivi, na nadhani aliamua vema. Kazi ya kila dakika alimpa SSR mpya, akiitoa dukani alikozoea na kuipima kwanza kwa mzigo. Hakuifunga juu ya mbao kama ile ya kwanza. Aliifunga juu ya bamba la alumini, akapaka grisi ya kupitisha joto katikati, na akaiweka nje ya chumba cha mayai. SSR hupoteza kama wati 1 hadi 1.5 kwa kila ampea inayopita. Kwa balbu za mama ni joto dogo tu, lakini mwenye hita ya wati 2,400 atakuwa na ampea 10, na wati 10 hadi 15 ndani ya kidude kidogo kama kile zitakiua upesi kisipopozwa.

Kisha akaongeza kitu ambacho mashine ya kwanza haikuwa nacho. Katika waya uleule wa balbu, nyuma ya SSR, alitia termostati ya pili ya mtindo wa kale, ile yenye kikopo chembamba cha bati kinachovimba kwa joto na kusukuma swichi ndogo. Akaitengeneza ikate stima kwa digrii 39. Siku zote haifanyi lolote, imekaa tu. SSR ikifa tena ikiwa imeshika mlango, joto litapanda mpaka 39 na kile kikopo kitazima balbu kwa nguvu zake chenyewe, bila kompyuta wala mwanga. Alitia na fyuzi ya haraka, pamoja na king'ora kidogo cha betri cha kumwamsha mwenye nyumba. Vitu hivyo vitatu kwa pamoja viligharimu chini ya bei ya trei chache za mayai. Ukinunua inkubeta, mwulize fundi kwa maneno haya: "Swichi ikigandamana, ni nini kitakachozima balbu?" Akikosa jibu, nenda karakana ya pili. Ziko nyingi.

Wakulima wenye stima ya jua wasikilize neno lao. SSR za sokoni zenye herufi DA mwishoni hupokea amri ya betri, lakini mzigo wao ni lazima uwe wa stima ya nyumbani. Stima hiyo hushuka kuwa sifuri mara 100 kila sekunde, na triaki hungojea sifuri hiyo ndipo ifunge. Stima ya betri haifiki sifuri kamwe. Ukifunga hita ya volti 12 kwa SSR ya DA, itawaka ukiamuru, na haitazimika mpaka ung'oe waya. Kwa betri tafuta ile yenye herufi DD, au rilei ya zamani, au optokapla inayoamuru transista kubwa iitwayo mosfeti. Kijana mmoja wa skimu ya jirani alitupa SSR mbili akidhani ni mbovu, kumbe zilikuwa nzima na yeye ndiye aliyezipa kazi isiyo yao.

Tena, SSR iliyozimwa si waya uliokatwa. Huvuja stima kidogo hata ikiwa imefungwa, na ukishika kishikio cha balbu waweza kupigwa. Kila utakapobadilisha balbu au kusafisha mashine, chomoa plagi kutoka kwenye soketi. Usitegemee kitufe wala taa ya kidhibiti. Kwa pampu ya maji, habari ni nyingine kabisa, maana mota huvuta stima nyingi sana inapoanza. Hiyo tutaiandika siku yake.

Mama tulirudi naye jioni ileile, inkubeta ikiwa juu ya gari imefunikwa kwa turubai. Fundi alikuwa amemwagiza asiweke mayai kwa siku mbili, na amjaribu yule mlinzi mpya kwanza. Nawe fanya hivyo hivyo kwa mashine yako. Iwashe ikiwa tupu na maji yake ndani. Iache ishike 37.7 mchana na usiku, hasa usiku, wakati baridi ya huku juu inapoingia. Siku ya pili panga kidhibiti kwa makusudi kwenye 42, kisha keti karibu na kipimajoto. Joto litapita 38. Taa ya SSR itaendelea kuwaka, kwa sababu bado inaamriwa iwashe. Likifika 39, balbu zote nne zizimike hali taa ile ingali ikiwaka. Zisipozimika, zima mashine na uirudishe kwa fundi. Zikizimika, rudisha kidhibiti kwenye 37.7 na ungoje joto litulie.

Mama alinipigia simu usiku wa pili, saa nne hivi, nikiwa nimekwisha kulala. Alisema balbu zimezima kwenye 39 na nusu. Nikamwambia azungushe skrubu ya kile kikopo kidogo, kidogo sana, ajaribu tena. Alinipigia mara ya pili saa tano. Asubuhi yake aliyaweka mayai.